Nusu ya Baba, Nusu ya Binti

Ugomvi wa watu wa damu moja una mlango wake wa kutokea, na mgeni hauoni mlango huo hata akipapasa ukuta mzima. Ndiyo maana wahenga walituusia kwamba ndugu wakigombana, tuchukue jembe tukalime, na wakipatana, tuchukue kapu tukavune. Maana yake ni kwamba mtu asijitie katika magomvi ya jamaa. Afanye yake, kwa kuwa hao wanaorushiana maneno leo watakula sahani moja kesho, naye atabaki na maneno yake mdomoni. Wala ndugu si wa tumbo moja tu. Mzazi na mwana ni ndugu pia, na hakuna wanaojua kugombana kama wao. Fundi saa mmoja, jina lake la utani Bwana Majira, aliijua vizuri methali hii. Shuleni aliwahi kuieleza mbele ya darasa akapigiwa makofi. Kuifuata ndiko kulikomshinda.

Tangu watu waanze kutazama saa kwenye simu zao, kazi ilimpungukia Bwana Majira na muda ukamzidi. Muda huo aliumalizia kwenye benchi la kinyozi jirani yake. Kibanda hicho cha kinyozi kilikuwa chumba kimoja chenye vioo viwili na viti viwili vya kuzunguka. Kiti cha dirishani kilikuwa cha Mzee Makasi, aliyewanyoa watu wa mtaa ule tangu nywele zake mwenyewe zikiwa nyeusi. Kiti cha pili, karibu na soketi, kilikuwa cha bintiye, ambaye wateja walimwita Umeme kwa sababu ya mashine yake, na pia kwa sababu ya ulimi wake. Baba alinyoa kwa mkasi na chanuo, akamalizia shingo kwa wembe. Kichwa kilichotoka mikononi mwake kilikuwa na njia ya kuzigawa nywele, iliyonyooka kama uzi wa mwashi. Binti alinyoa panki, akizishusha nywele za pembeni kidogo kidogo hadi zikapotelea kwenye ngozi kama moshi. Wazee walikaa benchi la kushoto, vijana benchi la kulia, na maneno yakapita katikati kama mpira.

Mambo yalikuwa shwari mpaka saluni mpya ilipofunguliwa ng'ambo ya barabara, yenye feni, muziki na vioo hadi darini. Wateja wakaanza kuvuka. Mabenchi yalipobaki na nafasi, baba na binti walianza kutafuta mchawi, na kila mmoja akampata mwenzake.

"Ni wewe," Mzee Makasi alisema asubuhi moja, akipangusa kiti kisichokuwa na vumbi. "Mashine yako inalia kama nyuki kutwa nzima. Mtu mzima anakuja kupumzisha kichwa, anaondoka nacho kinauma. Kizazi chenu hakijui kutulia."

"Ni wewe, baba. Kijana akija na picha ya mtindo, unamwambia kichwa si bustani. Kwa nini asivuke barabara?"

"Na kweli kichwa si bustani!"

"Ndiyo maana hatuvuni kitu."

Benchi la kulia liliangua kicheko, la kushoto likakohoa. Mzee Makasi alipandwa na hasira.

"Sisi tulianza na mkasi wa kuazima, chini ya turubai! Nyinyi mmekuta chumba, mmekuta viti, mmekuta jina, na bado mnalalamika."

"Viti tumevikuta vimechanika, baba. Mlivikalia vikiwa vizima, sisi mkatuachia sindano."

Mke wa Mzee Makasi, mama yake Umeme, ambaye kazi yake ilikuwa kufua na kuchemsha taulo za kinyozi, aliyazoea haya. Maneno yalipopanda, alibeba beseni lake akaenda uani kuanika. Zilizokwisha kuanikwa alizigeuza upande wa pili, mradi tu asirudi ndani mapema.

"Shemeji, unawaacha tu hivihivi?" Bwana Majira alimfuata huko siku moja.

"Hao ni kuni na moto, shemeji. Wanapikiana wenyewe. Ukitia mkono, utaungua wewe na chakula kitaiva bila wewe."

Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Bwana Majira alijiona ndiye daktari wa ugomvi ule, na dawa yake ilikuwa kumwambia kila mgonjwa kwamba anayeumwa ni mwenzake. Akiwa na baba, alitikisa kichwa kwa huruma. "Mzee mwenzangu, watoto wa siku hizi huwalei, wanakulea wao kwa masimango. Ningekuwa wewe, ningeing'oa ile soketi. Unajua anasema macho yako yamekwisha?" Akimkuta binti nje akisafisha mashine kwa brashi, sauti yake ilikuwa ya asali. "Mwanangu, sisi wazee tuna kosa letu. Hatubanduki kwenye kiti hata magoti yakitukana. Baba yako anakuonea wivu. Anasema unanyoa kama mtu anayeparua samaki."

Hakuyatunga maneno hayo, ila aliyachuna ngozi kabla ya kuyafikisha. Ni kweli Umeme aliyataja macho ya baba yake, lakini alikuwa akimwambia mama kwamba yanamtia wasiwasi, na kwamba wamtafutie miwani. Ni kweli mzee alitaja samaki, lakini alikuwa akicheka, na baada ya kucheka alisema, "Anaparua vizuri, lakini." Neno lile zuri Bwana Majira alilisahau njiani.

Hivyo mzaha ukageuka kidonda. Ijumaa asubuhi, Umeme alisimama katikati ya chumba, mashine mkononi, akasema kwamba wale wa ng'ambo ya barabara wamempa kiti, na kwamba Jumatatu anahamia huko.

Mzee Makasi alikuwa akinoa wembe kwenye mkanda. Hakuinua uso.

"Nenda," alisema. "Mlango ule sikuuweka ili nimfungie mtu."

Mchana ule baba na binti walikula wamepeana migongo. Hata mama hakuwa na taulo za kutosha kuanika.

Jumamosi asubuhi Bwana Majira aliingia akiwa amevaa suruali iliyopigwa pasi ikasimama wima. Alasiri ile mtoto wa dada yake alikuwa anaoa, naye ndiye aliyechaguliwa kutoa hotuba kwa niaba ya familia na kukaa mbele kwenye picha. Alikuja kunyolewa. Lakini alipoona baba amegeukia dirisha na binti amegeukia ukuta, akapata wazo lililomfurahisha mwenyewe.

"Jamani, ugomvi huu naumaliza leo," alitangaza. "Nani fundi, mzee au kijana? Hapa ni kushindana tu. Kichwa changu hiki hapa. Mzee anyoe nusu ya kushoto, binti anyoe nusu ya kulia, na mabenchi yapige kura. Atakayeshindwa akubali kwamba kosa ni lake."

"Una uhakika, Majira?" mzee mmoja aliuliza kutoka benchi la kushoto. "Kichwa unacho kimoja."

"Mimi ni mtu wa kujitolea," alijibu, akajitupa kitini.

Hakuna kati ya mahasimu aliyetaka kuonekana ameogopa. Mzee Makasi alitangulia. Alimsogeza Bwana Majira karibu na dirisha, akaanza. Mkasi ulilia tiki-tiki-tiki kama mvua ya mwanzo juu ya bati. Umeme alijifanya anatazama simu, lakini jicho lilimtoroka. Aliona jinsi baba yake alivyoinamisha uso hadi pua ikakaribia sikio la mteja, na jinsi alivyoufuata mstari kwa ncha ya kidole kwanza, kisha kwa chanuo. Hakukosea hata unywele. Njia ilitokea upande ule, nyeupe na nyoofu, na nywele zikalala kama zimesikia amri. Ukali ambao Umeme alikuwa ameujaza moyoni tangu jana ulianza kuvuja.

Zamu yake ilipofika, baba naye alijifanya anafuta kioo. Kwenye kioo kilekile alimwona bintiye akishika kichwa cha mteja kwa vidole viwili nyuma ya sikio, taratibu, kama mtu anayeshika yai. Hivyo ndivyo yeye alivyomfundisha alipokuwa bado anasimama juu ya kigoda ili afikie kiti. Mashine ilipita, nywele zikapungua, zikapungua tena, mpaka mtu asingeweza kusema zimeishia wapi. Mzee aliendelea kufuta sehemu moja ya kioo hata ikataka kutoboka.

"Kura!" Bwana Majira alipaza sauti.

Benchi la kushoto liliinua mikono yote kwa kushoto. Benchi la kulia liliinua mikono yote kwa kulia. Walipohesabiwa walikuwa sare, na kila benchi likadai lile jingine limeibiwa akili. Wazee walisema vijana hawajui heshima ya njia. Vijana walisema njia ile imepitwa na wakati kama reli ya zamani. Katikati ya makelele hayo, Bwana Majira aliinuka akajitazama kiooni.

Kushoto alikuwa karani wa zamani. Kulia alikuwa mcheza mpira. Katikati, nywele zilikutana kama mataifa mawili yasiyosalimiana.

"Haya, nimalizieni," alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Mmoja wenu anilinganishe. Nina harusi."

"Mwambie binti," alisema Mzee Makasi.

"Mwambie baba," alisema Umeme.

"Jamani, nina hotuba!"

Umeme aliusogelea upande wa kushoto, mashine mkononi. Akasimama. Akaishusha.

"Siwezi," alisema, na safari hii hakuwa akibisha. "Niiharibu njia ile? Mimi sijui kuipiga hivyo. Siigusi kazi ya baba."

Mzee Makasi alitazama upande wa kulia kwa muda. "Na mimi, huo mteremko wa nywele ulivyoushusha, mwanangu, sijui hata pa kuanzia. Nikiweka mkasi hapo nitakuwa nimechora kwenye maji."

Walitazamana. Kisha wote wawili, kwa wakati mmoja, walimtazama Bwana Majira, na kile kichwa kilichokuwa kati yao. Umeme alianza kucheka, kwa pua. Baba alijaribu kujizuia, mabega yakamsaliti. Muda si muda walikuwa wameshikana mikono ili wasianguke, machozi yakiwatoka, na mabenchi yote mawili yakisaidia.

"Baba, anafanana na mlango uliopakwa rangi na mafundi wawili!"

"Mmoja kalipwa, mwingine kadhulumiwa!"

Bwana Majira hakucheka. Aliona dawa yake imemwagika, akataka kuikusanya. "Mnacheka? Mzee, si huyu aliyesema macho yako yamekwisha? Na wewe binti, si huyu aliyesema unaparua samaki? Jana mlikuwa hamtazamani!"

Kicheko kilikatika. Umeme aligeuka, mkono kiunoni.

"Bwana Majira, baba yangu nitamsema mimi. Wewe nani kakutuma? Nilisema macho yake yananitia wasiwasi. Wasiwasi! Hilo neno ulilipeleka wapi?"

"Na mimi nilisema anaparua vizuri," Mzee Makasi aliongeza, akimsogelea kutoka upande wa pili. "Huyu ni mwanangu. Nikimgombeza, namgombeza wangu. Wewe unamgombeza wa nani?"

Fundi saa alitazama kushoto, akatazama kulia. Jana alikuwa na rafiki kila upande. Sasa alikuwa na kinyozi kila upande, mmoja na wembe, mwingine na mashine.

Ilibaki njia moja tu ya kukiokoa kile kichwa. Umeme alikipitishia mashine kote, baba akafuata kwa povu na wembe. Walifanya kazi bila kuambiana: mmoja alipoinua mkono, mwenzake alikuwa amekwisha kuleta taulo. Walipomaliza, kipara kiling'aa hata dirisha likaonekana juu yake. Mabenchi yalipiga makofi, na kwa mara ya kwanza tangu saluni ile ifunguliwe, wazee na vijana walikubaliana juu ya mtindo wa nywele.

Mama aliingia wakati huo kutoka uani. Alimkuta mumewe amekaa katika kiti cha bintiye, naye binti anamshushia nywele za shingoni kwa mashine, huku akimwambia asitikisike.

"Jumatatu unahamia saa ngapi, asubuhi au mchana?" mama aliuliza, kana kwamba anauliza bei ya chumvi.

"Nikihamia, nani atamtafutia huyu miwani?" Umeme alijibu. "Kaa sawa, baba. Kichwa si bustani."

"Ni bustani kidogo," mzee alikubali. "Lakini hiyo mashine uipunguze sauti."

"Haipunguzwi."

"Kila kitu hupunguzwa!"

Wakaanza tena, na mabenchi yakajisogeza karibu kusikiliza.

Bwana Majira aliwahi harusi. Alitoa hotuba nzuri kuhusu amani katika familia, ila picha zilipotoka hakuna aliyemtambua. Bibi harusi aliuliza yule mzee anayewaka kama taa ni wa upande gani. Saluni ya ng'ambo ya barabara ilitafuta mtu mwingine wa kile kiti. Kwa Mzee Makasi wateja walianza kurudi, wazee na watoto wao, wakitaka kuonyeshwa mahali ambapo kichwa kimoja kilinyolewa na vizazi viwili. Fundi saa aliwaona wakipita mlangoni pake, akainamia saa zake, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akatengeneza moja hadi ikatembea. Alikuwa amejifunza, kwa gharama ya nywele zake zote, kile alichowahi kupigiwa makofi kwa kukieleza: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune.