Kobe Aliyekataa Wali wa Nazi

Paukwa!

Pakawa!

Chungu?

Kipo jikoni!

Masikio?

Tumekuja nayo!

Hapo kale palikuwa na msichana jina lake Mize. Siku moja baba yake alirudi kutoka shamba na kobe kikapuni. Mize akaruka, akapiga vigelegele, akawatangazia majirani, hata wasiouliza. Lakini kobe alipowekwa chini, kichwa ndani, miguu ndani, kimya!

"Mwanangu," baba akasema, "asiyekula hafugiki. Jua likizama hajala, namrudisha porini."

Mize akakimbilia jikoni, maana alikwisha kumpenda kobe.

Mama akapakua wali wa nazi, mvuke unafuka. Mize akaimba:

"Kobe, kobe, toa shingo, chakula ki tayari!"

Kobe akajibu humo humo gambani:

"Sitoi, sitoi, bado hamjanikaribisha!"

"Karibu! Karibu sana!" Mize akapiga kelele. Wapi!

Shangazi akaleta samaki wa kupaka.

"Kobe, kobe, toa shingo, chakula ki tayari!"

"Sitoi, sitoi, bado hamjanikaribisha!"

Mize akaleta maandazi yake mwenyewe, ya iliki.

"Kobe, kobe, toa shingo, chakula ki tayari!"

"Sitoi, sitoi, bado hamjanikaribisha!"

Jua likateremka. Baba akachukua kikapu. Mize, machozi yakimlengalenga, akanyoosha mkono achukue andazi moja ajitulize.

"We Mize!" mama akafoka. "Unakula hujanawa?"

Mize akashtuka, akaruka juu. "Mama! Nyumba nzima tumepika, nani kamnawisha mgeni?"

Mbio mtungini! Akachota maji, akayapasha yakawa vuguvugu, akayatia kwenye beseni, kidogo, yasimfike puani. Akamweka kobe humo, akawafukuza watu wote. Mguu ukatoka. Wa pili ukatoka. Shingo hiyooo! Kobe akanywa, akanywa, akanywa.

"Natoa, natoa, sasa nimekaribishwa!"

Akatoka kwenye beseni, akaupita wali, akampita samaki, akayapita maandazi, akaenda kuung'ata mchicha uliodondoka mlangoni. Kracha! Mize akacheka huku analia. Mama na shangazi wakanuna. Baba akakitundika kikapu ukutani, na kobe akakaa.

Basi wenzangu, mgeni hapimwi kwa vyungu vyako. Mpe maji kwanza, kisha mwache ale akipendacho.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Ikiwa tamu, ilambeni. Ikiwa chungu, itemeni. Ila nimesimulia mpaka koo limekauka, na hapa hakuna aliyeniletea hata kata ya maji!