Kiboko na Mtihani wa Mawimbi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na meza, vikombe na vyeti ukutani, Pelele, yule mnyama mdogo kama sungura, aliishi kwenye jiwe upande huu wa mto. Mama yake aliishi upande wa pili. Masika yakianza mto ulijaa, hakuna aliyevuka. Mwaka mmoja mama aliugua, na Pelele akapata habari maji yalipopungua. Jambo hilo lilimuuma sana.

Basi akataka redio. Si ile ya kusikiliza nyimbo tu, bali ile ya kusema ukajibiwa. Mama alikuwa na yake, na leseni yake ukutani, ila hakuwa na wa kumjibu ng'ambo. Na leseni haikupatikana bila mtihani wa Bwana Korongo, uliofanywa mara moja kwa mwaka.

Mwaka uliopita Pelele hakuufanya. Kijitabu cha kusomea kilikuwa kimoja tu dukani kwa Bi Kobe, na Kiboko, aliyetaka leseni pia, alikinyakua. Alikisoma? Wapi! Aliingia nacho majini, chubwi, kikawa uji.

Mwaka huu Pelele alidamka. Kijitabu alikikuta, chembamba kama chapati. Kabla hajakigusa akasikia nyuma yake: tii, tii, tii. Kiboko huyo.

Pelele akakiacha. Akarukia rafu ya chini, akakumbatia kitabu kinene chenye picha ya ziwa kwenye jalada.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Umekumbatia nini?"

"Kitabu tu, mzee."

"Kinaitwaje?"

"Mawimbi."

Kiboko akakuna kidevu. "Na mtihani wa redio ni wa mawimbi, sivyo?"

"Mawimbi matupu, mzee."

"Kilete."

"Nakuomba, mzee, hiki niachie. Wewe chukua kile chembamba."

"Mimi, na mwili huu, nisome vikaratasi vitatu? Lete hapa."

Bi Kobe alitaka kusema neno. Pelele akamkonyeza, naye akalimeza. Kiboko akaondoka na kitabu chake, tii, tii, tii, na Pelele akachukua kijitabu, akakisoma mpaka akakijua chote kwa moyo.

Siku ya mtihani Bwana Korongo alisimama kwa mguu mmoja, akauliza, "Mzee Kiboko, wimbi la mita arobaini lina kazi gani?"

"Halina kazi, mheshimiwa. Wimbi la mita arobaini likija, mwenye akili anakimbia."

Korongo akabadilisha mguu. "Kaa chini, mzee. Pelele?"

"Hilo ni wimbi la redio, mheshimiwa. Hubeba sauti mbali, ikavuka mito na milima."

Kiboko akamgeukia. "Kumbe mawimbi ya redio si ya maji? Wewe mtoto, umenidanganya."

"Hukuniuliza mawimbi gani, mzee. Wala kitabu hukukifungua dukani."

Pelele akapata leseni, akanunua redio yake. Masika yakaja, mto ukajaa, na asubuhi moja akabonyeza kitufe. Krrr, krrr.

"Mama, umeamkaje?"

Krrr. "Salama, mwanangu. Umekula?"

Pelele akalia kwa furaha, ndipo akajibu kwamba bado.

Nanyi wanangu, kitabu cha mtihani kifungueni kwanza, ndipo mkichukue. Hadithi yangu imevuka mto, nami nanyamaza.