Likizo ya Dereva na Mkewe Ziwani

Ukipata nafasi kidogo, soma hadithi hii mpaka mwisho, halafu mtumie mtu unayemkumbuka.

Alikuwepo dereva mmoja wa lori la masafa marefu, jina lake Asajile. Mkewe aliitwa Subilaga. Asajile alikuwa mtu mwema. Hakuwa mlevi, wala hakuitupa nyumba yake. Tatizo lilikuwa moja tu: hakuwepo. Alifika amechoka, akaoga, akala, akalala kama gogo. Kabla watoto hawajaamka, lori lilikuwa limeshaunguruma.

Subilaga alikuwa na hamu na mume wake hata siku alizokuwa nyumbani. Wakati mwingine akifua shati lake, alisimama kidogo akalinusa kabla ya kulitumbukiza kwenye maji. Hilo hakumwambia mtu.

Mwaka mmoja Asajile akapewa likizo fupi. Akamwambia mkewe, "Mama Lusekelo, nimekutesa vya kutosha. Kuna ziwa ndani ya pori, nyuma ya milima. Huwa naliona kwa mbali nikipita. Nitakupeleka. Tutatembea kwa miguu, tutalala kwenye hema, tutapanda mtumbwi. Utaona kila kitu!"

Subilaga alifurahi mpaka akakosa usingizi. Watoto wakapelekwa kwa bibi yao, viazi vikafungwa, safari ikaanza. Kusema kweli, ziwa lenyewe halikumsumbua sana. Alichotaka ni kukaa na mume wake mchana kweupe, wazungumze. Maneno ya kumwambia alikuwa nayo mengi, ameyapanga tangu zamani.

Lakini Asajile alikuwa mtu wa barabara. Akaiendesha likizo ile kama anavyosafirisha mzigo. Alfajiri hema lilishakunjwa. Yeye mbele na begi lake, Subilaga nyuma. Njia ilikuwa nyembamba. Mara ilipita kwenye matete marefu, mara ilipanda miamba, mara ilishuka tena mpaka majini.

Wakafika kwenye ufuko wa kokoto nyeupe. Ndege weupe walikuwa wamesimama majini, wametulia kabisa.

"Baba Lusekelo, tupumzike hapa kidogo."

"Hapa? Hapa bado. Mbele ndiko kuzuri."

Wakaenda mbele. Wakakuta mti ulioinama mpaka matawi yake yakagusa maji.

"Na hapa je?"

"Mama Lusekelo, tukikaa kwenye kila kivuli hatutafika. Ng'ambo kule kuna maporomoko. Kila anayekuja huku anakwenda kuyaona. Unataka turudi bila kuyaona?"

Subilaga akafuata.

Jioni wakapiga hema. Asajile akala viazi, akasema, "Ahsante, mama," akajilaza, akasinzia hapo hapo. Jua lilikuwa bado halijazama vizuri. Subilaga akabaki peke yake, anatazama maji yakibadilika rangi. Mume wake alikuwa karibu kiasi kwamba angeweza kumgusa, na bado alimkumbuka.

Asubuhi wakatafuta mtumbwi wa kuwavusha kwenda kwenye maporomoko. Wakampata mvushaji mmoja, mtu mnene mwenye sauti kubwa, anaitwa Sikazwe.

"Twende haraka, ndugu yangu," Asajile akamwambia. "Hata mimi ni dereva, najua kubana muda."

Mitumbwi ya ziwa lile ni myembamba sana. Kwa hiyo wavushaji wa huko wana desturi yao: abiria wawili hukaa wakitazamana, magoti yakigusana, ili uzito ukae katikati. Hakuna kugeuka mpaka mfike. Asajile hakuitaka desturi hiyo. Alitaka kukaa mbele, aangalie njia.

"Hapana, dereva," Sikazwe akasema. "Huko kwenye lami wewe ni dereva. Humu wewe ni mzigo. Kaa umtazame mama."

"Na njia ataitazama nani?"

"Mimi. Wewe nimekupa kazi nzuri zaidi, na bado unalalamika!"

Subilaga akaziba mdomo kwa kanga, akacheka. Asajile akakaa. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akatazama mawingu. Kila alipoyashusha macho, yalikutana na uso wa mke wake. Akakohoa. Akajifanya kukaza kamba za viatu.

Walipofika katikati ya ziwa, upepo ukaanza kushuka kutoka milimani. Maji yakafura. Sikazwe hakubishana na upepo. Akageuza mtumbwi kuelekea kisiwa kidogo cha mchanga kilichokuwa karibu.

"Maporomoko tuyaache kwanza," akasema. "Tunakaa hapa mpaka upepo utulie."

"Mpaka saa ngapi?"

"Upepo haujaniambia."

Akavuta mtumbwi mchangani, akajifunika koti usoni, akalala.

Asajile aliudhika sana. Kesho yake walitakiwa kuanza safari ya kurudi, ili awahi kazini. Akawa anatembea kwenda na kurudi kwenye kile kipande cha mchanga, anatazama saa, anatazama anga. Subilaga akatandika kanga, akamimina chai.

"Baba Lusekelo, njoo ukae."

"Nilikuahidi maporomoko."

"Mimi sikuyaomba."

Asajile akasimama. Subilaga hakuzoea kumjibu mume wake hivyo. Lakini alijua kwamba siku ile ikipita, hajui nyingine itapatikana lini.

"Mimi nilikuja kukaa na wewe," akasema. "Kesho tunarudi, keshokutwa unaondoka. Kama hata leo hukai, utakaa lini?"

Asajile akamgeuzia mgongo, akatazama maji. Subilaga akadhani amekasirika. Kisha mwanamume yule, aliyezoea kuteremsha lori kwenye milima ya kutisha, akasema kwa sauti ndogo:

"Naogopa."

"Unaogopa upepo?"

"Naogopa kukaa. Nikikaa itabidi nizungumze. Miaka yote hii nazungumza na injini tu. Nilifikiri nikikuonyesha vitu vingi, hutagundua kwamba sijui niseme nini na wewe."

Subilaga akatafuta yale maneno aliyoyapanga. Hakuona hata moja.

"Hata mimi yangu nimeyasahau," akasema.

"Yote?"

"Yote. Na yalikuwa mazuri kweli."

Asajile akaanza kucheka, na mkewe akacheka. Akaja, akakaa kwenye kanga, akapokea kikombe. Hapo akaona kovu kwenye mkono wa Subilaga.

"Hapa uliungua lini?"

"Siku Lusekelo alipozidiwa na homa. Nilikuwa naepua uji huku nimembeba."

"Mbona sikuliona?"

"Hukuwepo."

Asajile akaushika ule mkono. Hakuuachia.

"Nisimulie," akasema.

Subilaga akamsimulia. Jambo moja likavuta jingine. Asajile naye akaeleza habari za barabarani ambazo hajawahi kumwambia mtu. Upepo ukavuma, ukachoka, ukatulia, nao hawana habari. Sikazwe ilibidi awaite mara mbili. Muda wa kwenda kwenye maporomoko ulikuwa umekwisha, na hakuna aliyeyaulizia.

Kesho yake wakarudi nyumbani, na alfajiri iliyofuata lori likaondoka na Asajile wake. Subilaga akasimama mlangoni mpaka mlio ukapotea. Jirani yake mmoja, mwanamke mpenda habari, akamjia mbio.

"Enhe, Mama Lusekelo! Tupe habari. Maporomoko yakoje?"

"Hatukufika."

"Basi viboko mmewaona?"

"Hapana."

"Ziwa lote mmelizunguka?"

"Hata nusu."

"Jamani! Sasa ninyi mlikwenda kuona nini?"

Subilaga akainamisha macho, akatabasamu.

"Nilikwenda kumwona Baba Lusekelo," akasema. "Na nimeshaanza kumkumbuka tena."

Funzo: Anayekupenda hakuombi umwonyeshe dunia nzima, anaomba ukae naye, hata kama hujui la kusema.