Pandu Mabega na Bembea la Chokaani

Sikilizeni, enyi watu wa Chokaani, wenyeji na wageni, nanyi watoto mliovaa nguo mpya tangu alfajiri. Sikilizeni habari za zama ambazo saruji ilikuwa haijatia mguu katika pwani hii, nyumba zikijengwa kwa mawe ya matumbawe, na chokaa ya mji mzima ikitoka hapa mlipokaa. Nitamtaja Pandu wa Vuai wa Mcha wa Khatibu, Pandu Mabega, mbeba boriti sita kwa safari moja, aliyeng'oa jiwe la nanga kwa mkono wa kushoto huku wa kulia umeshika muhogo anautafuna. Nitamtaja kwa haki, ingawa mimi, Mkasi binti Faki, ni kilembwe cha Ussi, kaka yake, na sisi wa Ussi hatujawahi kulisikia jina la Pandu bila ya kukunja uso. Mtanisamehe. Wivu huu nimeurithi kama wengine wanavyorithi pua.

Mzee Vuai alikuwa mchoma chokaa, na alipofariki wosia wake uliigawa pwani hii sehemu mbili. Ussi, mkubwa, alipewa tanuu na kuni zake na heshima yote ya kazi. Pandu, mdogo, alipewa upande wa bahari, palipotupwa vifusi na majivu kwa miaka arubaini, mahali ambapo mama akimwona mwanawe anapasogelea humwita kwa ukali. Watu wakampa Pandu pole. Ussi naye akampa pole, na nasikia alitabasamu alipokuwa akiitoa.

Pandu hakulalamika. Alijifunga shuka kiunoni, akabeba vifusi siku mia moja na kumi, akayafukia mashimo ya majivu kwa mchanga mweupe alioutoa mbali kwa makapu, hata pwani ikawa laini, mtoto anayetambaa angeweza kuachwa humo asiumie goti. Kisha akaingia mikokoni, akakata boriti, akazifunga kwa kamba za makumbi ya nazi, akasimamisha kitu ambacho hapa hakikuwahi kuonekana: bembea la duara, nguzo mbili na mhimili kati yake, na viti vinne vya kamba vikipanda juu na kushuka, likisukumwa na mikono yake peke yake. Siku ya Idi Mosi alisimama mbele yake akatangaza: "Pwani hii imekula moshi wa kutosha. Leo watoto waje wacheke."

Wakaja. Wakaja na mama zao na bibi zao na masinia ya visheti, na wale waliokuwa wakipaita jalalani wakawa wanagombania kivuli. Hata Zume, binti wa Ussi, mwenye miaka saba, alikula chakula cha Idi wima wima akatoka mbio kwenda kwa baba yake mdogo.

Hapo ndipo moyo wa babu yangu ulipowaka kuliko tanuu lake. Ussi alikuwa na nyumba ya ghorofa na nafasi yake safu ya mbele msikitini, lakini hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kumkimbilia. Mdogo wake, aliyerithi majivu, alikimbiliwa na mji mzima. Mnaweza kumcheka Ussi. Mimi siwezi, maana namwelewa mno.

Akaapa kwamba Idi Kubwa itakapofika, baada ya miezi miwili na siku zake, atakuwa na bembea lake, tena kubwa zaidi. Boriti alizipata. Kamba hakuzipata, kwani kamba nzuri zote za mwaka ule Pandu alikwisha kuzitumia, na kumwomba Pandu, Ussi hakutaka hata kulisikia neno hilo. Basi akamwamuru mkewe, Bi Mize, afukie makumbi topeni. Nanyi mnaijua sheria ya makumbi: hufukiwa na wanawake, hufukuliwa na wanawake, na mwanamume hayagusi mpaka walioyafukia waseme yamelainika, nayo hukaa miezi sita au zaidi. Ussi aliyafukua kwa mikono yake mwenyewe kabla ya miezi miwili kutimia.

Bi Mize akamfuata pwani, akasema mbele ya watu: "Hayajawa hayo, bwana. Kamba yake itakatika."

Ussi akajibu: "Yatamalizia kulainika hukohuko juu."

Idi Kubwa ikaingia. Bembea la Ussi lilikuwa na viti sita na bendera nyekundu kila kiti, na watoto, ambao hawana uaminifu wowote, walimwacha Pandu wakalikimbilia. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Ussi aliona watoto wanamjia mbio mikono imenyooka, akawapakia mwenyewe mmoja mmoja, kumi na wanane, Zume akiwa kiti cha juu kabisa. Pandu alikaa chini ya bembea lake tupu akitazama, na husimuliwa kwamba alimeza mate. Napenda sana kipande hicho. Nakisimulia kila mwaka.

Mzunguko wa nne, kamba za nguzo ya kushoto zilikatika. Nguzo ikaanguka, na ncha ya mhimili ikaanza kuteremka na watoto wote kumi na wanane. Watu waliona mchanga unaruka tu. Pandu Mabega alikwisha kufika, akaingiza bega chini ya ule mhimili, akasimama. Miguu yake ilizama mchangani hadi magotini. Akapiga kelele: "Kaka! Zungusha polepole, nami nashika!"

Basi wana wawili wa Vuai wakafanya kazi pamoja, mmoja akishika, mwingine akizungusha, kiti kikafika chini, watoto wakatolewa, kiti kingine kikafika, na damu ikimtoka Pandu puani. Ussi alikuwa akilia huku akisukuma. Kiti cha mwisho kilikuwa cha Zume. Mama yake alipompokea, Pandu aliliacha bembea likaanguka, akaketi, na tangu hapo mikono yake haikunyanyuka tena kupita kifua.

Siku ya saba alimwita Ussi mbele ya jamaa akasema: "Kaka, kiwanja changu nimekupa, na bembea langu, na watoto wanaokuja. Funga kwa kamba iliyokubaliwa na wanawake." Ussi akauliza, na aibu ya swali hilo tunayo hadi leo: "Na jina la kiwanja?" Pandu akasema: "Hilo si langu kutoa. Waulize watoto." Asubuhi yake maji yalikupwa sana, naye akaonekana akitembea kuelekea fungu la mchanga la nje. Nyayo zake zilikwenda, hazikurudi, na kaburi lake hakuna anayelijua.

Ussi akawauliza watoto. Alisukuma bembea lile miaka thelathini, na kila Idi alimwinamia mtoto wa kwanza akamuuliza, "Unakwenda wapi, mwanangu?" Na kila Idi mtoto alimjibu vilevile. Hakuna aliyewafundisha.

Tanuu lilibomolewa na wana wa Ussi. Bembea la chuma lililetwa na wajukuu wa Ussi, na treni ya watoto, na bwawa la kuteleza, na hata leo hakuna kamba wala mkanda unaofungwa hapa kabla bibi mmoja wa ukoo hajauvuta kwa mikono yake akaukubali. Sisi ndio tunaofagia, sisi ndio tunaolinda, na Pandu hakuacha hata mtoto mmoja. Lakini Ussi alituwekea wajibu: kila Idi, mkubwa wa nyumba yetu afungue geti kwa kinywa chake mwenyewe, kwa maneno yale ya watoto. Nimeyasema mara thelathini na moja. Kila mara nasema moyoni kwamba mwaka huu nitalitaja jina la babu yangu, kila mara nawatazama watoto waliosimama mbele, nashindwa.

Haya, fungueni. Karibuni kwa Pandu.