Viti Saba Vyenye Nailoni

Ndugu zangu, kabla mzee wa kanisa hajasimama kuwaeleza kwa nini mhubiri mgeni ameingia wimbo wa tatu ukiisha, acheni nijishtaki mwenyewe. Niliambiwa: gari jeupe litakusubiri nje ya nyumba ya wageni. Nikatoka, nikaona gari jeupe, kubwa, haya ya familia yenye safu tatu za viti. Nikakunja kiti cha kati, nikajipenyeza na tumbo langu hili mpaka safu ya nyuma kabisa, maana nimefundishwa unyenyekevu. Nikafunga mkanda. Nikasema, "Amani ya Bwana iwe nanyi."

Bibi mmoja aliyejitanda kanga akageuka taratibu.

"Baba, wewe ni nani?"

"Mimi ndiye mhubiri wenu wa leo."

"Sisi Waislamu," akasema. "Tunakwenda harusini."

Jamani! Nimelala Kigoma, nimelala Songea, Mombasa nimepotea na kupatikana, lakini sijawahi kutamani ardhi ipasuke kama asubuhi hii. Na kushuka siwezi, tumbo limekwama kati ya kiti na kiti. Bibi akanitazama nikihangaika, akamwambia dereva, "Muache. Nafasi ipo. Tumpitishe kanisani kwake." Ndio walionileta. Na ni kule nyuma, magoti yakinong'ona na masikio, ndipo nilipomkumbuka mzee mmoja. Nisikilizeni.

Alikuwapo mzee mmoja huko mlimani, kule ambako Desemba ikifika kila aliyezaliwa huko hurudi nyumbani, hata awe mbali namna gani. Mkewe alikuwa ametangulia mbele za haki. Watoto wake watatu walikuwa mijini, wameoa na kuolewa. Mzee alibaki na nyumba ya vyumba vitano na redio moja. Redio hiyo haikuzimwa mchana kutwa. Si kwamba aliisikiliza. Alitaka tu nyumba iwe na mtu anayesema.

Mwaka mmoja parachichi zake zilikubali, akasema moyoni: nitanunua gari la safu tatu. Krismasi wanangu wakija tutapanda wote gari moja kwenda ibadani, kama zamani tulivyokuwa tukishuka wote kwa miguu njia ile ile, mama yao mbele na mimi nyuma. Hilo tu ndilo alilolitaka duniani.

Akashuka mjini kwenye yadi ya magari, na mfuko mkononi. Alipoufungua, akatoa suruali mbili na gauni, nguo ambazo watoto walizisahau kabatini Krismasi iliyopita. Akaanza kuzikalisha kwenye viti. Kiuno cha suruali anakibana kwenye egemeo, anaikunja gotini, kisha anapima kwa shubiri kutoka gotini mpaka kiti cha mbele.

Muuzaji akavumilia weee, akashindwa. "Mzee wangu, hapa tunauza magari. Dobi yuko ng'ambo ya barabara."

"Tulia, bwana. Nawapima wanangu."

Gari la kwanza aliingia safu ya nyuma mwenyewe. Sakafu iko juu, magoti yakampanda kifuani, akawa kama panzi. "Hapana. Anaeli wangu ana miguu mirefu kama ya mama yake." La pili, kiti cha kati kinateleza mbele na nyuma, laini, safi. Lakini kufika nyuma lazima uiname kama unaingia banda la kuku, na ukishakaa kichwa kinasugua paa. "Na kilemba cha binti yangu je? Cha Krismasi kile, kina ghorofa." Tena kiyoyozi kilikuwa kinapuliza safu ya kati tu. Wa nyuma, shauri yao.

La tatu, viti viwili vya kati vimeachana, mtu anapita katikati mpaka nyuma bila kumwomba mwenzake radhi. Huko nyuma mtu mzima anakaa, mguu unapata pa kwenda, na tundu la hewa liko juu ya kichwa. Ubaya wake mmoja: safu ya nyuma ikisimama, buti inabaki ya mfuko mmoja. "Ndizi zitapanda keria," mzee akasema. Akakaa kule nyuma, akatulia, akakaa zaidi.

"Vipi mzee, umelala?"

"Nasikiliza."

"Unasikiliza nini? Injini imezimwa."

Mzee akafumba macho. Alikuwa anawasikia wanawe watatu wakigombea dirisha.

Muuzaji akauliza, "Nikutolee nailoni kwenye viti?"

"Thubutu! Watazitoa wao wenyewe siku wakikaa."

Ilikuwa Februari.

Sasa, njia ya kanisani alikuwa akipita pia jirani yake, Mama Ndelilio, mjane, goti moja bovu, fimbo mkononi. Jumapili ya kwanza mvua ilikuwa imenyesha. Akaliona gari, akanyoosha mkono. Mzee akashusha kioo, akaangalia viatu vya yule mama vilivyojaa tope, akaangalia viti vyake.

"Mama Ndelilio, ningekuchukua. Ila viti hivi ni vya watoto. Nailoni hata haijatoka."

"Haya, Baba Anaeli. Wasalimie."

Tangu siku hiyo hakunyoosha mkono tena. Akisikia gari, husogea pembeni lipite. Miezi kumi, ndugu zangu! Viti saba, mtu mmoja. Na kila shimo la barabara nailoni inalia kule nyuma, chakacha, chakacha, mzee anainua macho kwenye kioo haraka, kana kwamba kuna mtu kakaa. Hakuna mtu. Je, nani kati yetu haujui mlio ule?

Desemba ikafika. Mnadhani watoto hawakuja? Walikuja! Wote watatu, na wake, na mume, na wajukuu. Kila mmoja na gari lake.

Asubuhi ya Krismasi mzee akaamka mapema, akaliosha gari mwenyewe, akafungua milango yote, akasimama kando yake amevaa koti la harusi yake. "Haya, pandeni! Anaeli, wewe nyuma, nimekupima."

"Baba, tangulia tu," Anaeli akasema. "Tutakufuata."

"Lakini mwanangu, viti..."

"Watoto tumeshawafunga mikanda kwenye magari yetu, Baba, nani aanze kuwafungua? Tangulia, tusichelewe."

Milango ikafungwa, pa, pa, pa. Msafara wa magari manne ukashuka mlima. Majirani wakatoka uani wakashangilia, "Mzee kabarikiwa huyo!" Na kwenye gari la mbele alikuwamo mtu mmoja. Chakacha. Chakacha.

Akafika kwenye kona. Mama Ndelilio huyo, anasogea pembeni apishe. Mzee akakanyaga breki. Nyuma wakakanyaga breki wote, wakaanza kupiga honi.

Hapo hapo namuacha kidogo, nizungumze na sisi.

Msikimbilie kuwalaumu watoto wake. Mama yangu mzazi alikuwa na kikombe changu kabatini, cha maua, hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukigusa. Nami, msafiri wa dunia, nilikuwa nafika kwake na chupa yangu ya maji, nakaa nusu saa, naaga. Kikombe nilikuja kukinywea siku ya msiba wake. Kwa hiyo katika msafara ule mimi naendesha gari la pili. Mniombee.

Lakini wewe uliye kwenye gari la mbele, wewe unayelalamika nyumba kimya, simu haiiti, hakuna anayenijali: umemwekea nani nafasi? Tunawapima magoti walio mbali, tunawajua mpaka kilemba, na mwenye goti bovu tunamshushia kioo nusu. Chumba cha wageni kina shuka hazijalaliwa. Moyo nao tumeuacha na nailoni yake, usichafuke, mpaka waje wale tuliowachagua. Mungu ametuletea mtu barabarani kila Jumapili, na sisi tunamwambia nini? Viti ni vya watoto. Yule bibi wa asubuhi hii hakunipima shubiri. Wala hakuuliza dini yangu itakaa safu ya ngapi. Alisema neno moja tu: nafasi ipo.

Basi, nilimwacha mzee kwenye breki, na honi zinalia. Alishuka. Akazunguka mwenyewe mpaka upande wa pili, akafungua mlango wa mbele, akaushikilia.

"Mama Ndelilio," akasema. "Panda, twende."

Mama akaegemea fimbo. Akautazama msafara, akamtazama mzee na koti lake la harusi, akakitazama kile kiti kinachong'aa.

"Chana nailoni kwanza," akasema. "Mimi si tope."