Kwa Nini Nyenje Hunyamaza Ukimkaribia

“Mbuzi wangu saba, shemeji,” alisema Kiangi, naye alikuwa akilisema hilo tangu mlangoni pa ua mpaka hapo alipokuwa amesimama. “Au wimbo, au mbuzi. Mwezi ndio huo, umekatika.”

Naetwe alikuwa amekumbatia kibuyu kilichozibwa kwa majani ya mgomba. Alimjibu kwamba mbuzi hawajachinjwa, wako zizini na wamenona kuliko walivyokuja, na kama shemeji yake hana macho, masikio anayo, maana hata wakati ule walikuwa wanalia. Tena asimsumbue. Wimbo atapewa leo hii, huko huko kazini. Umo kibuyuni.

Watu waliokuwa wakipita na majembe walisimama wasikilize, kwa kuwa ugomvi wa mashemeji una ladha yake. Walipoambiwa kilichomo kibuyuni wakaacha kutabasamu. Mle ndani alikuwamo nyenje.

Enzi hizo nyenje hakuwa mdudu wa majanini. Alikaa nyumbani, kwenye ufa wa figa la jikoni, na jioni aliimba karibu na mkono wa mtu. Watoto walimpandisha begani naye akaendelea kuimba. Hakuna aliyemtafuta kwa sababu hakuna aliyempoteza, na kitu cha namna hiyo watu hawakitazami. Wengi walimsikia kama wanavyosikia chungu kikichemka.

Naetwe peke yake ndiye aliyemsikiliza. Alikuwa mjane wa marehemu kaka yake Kiangi, mwanamke mwepesi wa hasira na mwepesi wa kulipa deni. Jioni aliketi kwenye kigoda, ungo wa kunde mapajani, akamenya. Hakuomba kitu wala hakungoja kitu. Alinyamaza tu, ule unyamavu wa mtu aliyejisahau, na nyenje akaimba. Kisha, baina ya ganda moja na jingine, mikono yake ilisimama hewani. Alihisi kama anaitwa kwa jina alilokuwa nalo utotoni, jina ambalo hakuna aliyebaki duniani wa kumwita kwalo. Asubuhi aliamka na wimbo mpya mdomoni. Ukimuuliza ameutoa wapi, alikasirika, maana hakujua.

Nyimbo zile zilikwenda kwenye ndiva. Katika milima ile ndiva ni bwawa ambalo watu hulichimba na kulijengea ukuta wa mawe na udongo, likusanye maji ya kijito usiku ili mchana mashamba yanywe. Kazi yake hufanywa na wote kwa pamoja, nayo huitwa msaragambo. Kiangi ndiye aliyekuwa mwenye pembe. Alfajiri aliipuliza, na asiyetokea alitozwa mbuzi. Pembe na faini ziliwatoa watu nyumbani. Atakayesema hazikuwatoa ni mwongo. Lakini mtu aliyeletwa na faini huchimba jicho moja likiwa kwenye jembe na la pili kwenye jua. Kivuli kikifika alipokuwa akikingoja, huyo, anakwenda zake.

Siku Naetwe aliposimama ukingoni na wimbo mpya, hakuna aliyejua jua limekwenda wapi. Hata mzee Mrutu, ambaye goti lake lilikuwa bovu na sheria ilikuwa imemsamehe, aliteremka kwa mkongojo akashika kubeba mawe. Kiangi alimuuliza nani amemwita. Mzee akasema hakuna aliyemwita kwa amri. Amesikia kitu kinatoka huku bondeni, na pale alipokuwa amekaa hapakukalika tena.

Mwaka huo ukuta wa ndiva ulibomoka, na masika yalikuwa yanakuja. Kiangi hakuwa mtu mbaya. Alipiga hesabu zake kama mtu yeyote mwenye akili: kama hofu ya kupoteza mbuzi inaleta miguu, basi furaha ya kupata mbuzi italeta wimbo, tena mkubwa kuliko zote. Akawaswaga mbuzi saba, majike watupu, akawaingiza uani kwa shemeji yake. Naetwe akawapokea. Paa lake lilikuwa linavuja, na tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumwambia kwamba nyimbo zake zina thamani hata ya kuku. Alifurahi. Akaahidi kwamba kabla mwezi haujakatika wimbo utakuwa tayari.

Jioni ile aliketi palepale, na kunde zilezile. Ila safari hii alikuwa anangoja. Nyenje aliimba kama siku zote, lakini Naetwe alisikia mbuzi. Kila alipobandua ganda alijiuliza kama ndio huu unakuja, na kule kujiuliza kukaziba mlango. Kesho yake ikawa vilevile, na kesho kutwa. Alimbembeleza nyenje kwa maneno mazuri. Alimkumbusha walikotoka pamoja. Kisha akamkemea, akamchokoa kwa unyasi. Mwezi ulipobaki kama ukucha, akamkamata, akamtia kibuyuni, akaziba.

Hivyo ndivyo kibuyu kilivyofika kwenye ndiva, Kiangi nyuma, umati nyuma ya Kiangi. Naetwe akakiweka ukingoni. Watu waliingia kwenye tope, wakanyanyua majembe, wakangoja. Akakigonga kwa kidole. Kimya. Kiangi akamwambia akitikise, akakitikisa. Kimya. Kiangi akaona huyu naye anahitaji kuamshwa kama wavivu wengine. Akaileta pembe mdomoni mwa kibuyu, akapuliza mpaka ndege wa miti ya jirani wakaruka wote. Ndani ya kibuyu, kimya.

“Mtozeni faini,” alisema mtu mmoja kutoka kwenye tope. “Alete mbuzi.”

Watu walicheka. Naetwe alikuwa amezoea watu wale wamnyamazie anapofungua kinywa. Kicheko kile kilimwingia kama mwiba. Akayararua majani ya mgomba. Nyenje akapanda taratibu, akakaa kwenye ukingo wa kibuyu. Akasema naye, si kwa sauti kubwa, ila kila aliyekuwa pale alisikia.

“Pembe huja nyuma ya mtu ikamsukuma,” alisema. “Mimi sijui kusukuma, Naetwe. Mimi hukaa mbele nikaita. Nilikuwa naimba kwa sababu ulikuwa unaninyamazia. Hiyo ndiyo iliyokuwa ada yangu, na ulikuwa unailipa bila kujua kwamba unalipa. Sasa mwezi mzima hujanilipa.”

Akaruka majanini.

Wote waliacha majembe. Kutoka kwenye nyasi nyenje akaimba, na ulikuwa wimbo ambao hakuna aliyewahi kuusikia. Mzee Mrutu aliuangusha mkongojo wake. Wakasogea. Akanyamaza. Wakarudi nyuma, akaimba. Naetwe alimfuata kwa magoti, akipapasa kila shina la nyasi, na kila mkono wake ulipokaribia sauti ilikatika, ikaanza tena mbele kidogo. Alirudi nyumbani jua limezama na viganja vimechanika.

Kiangi alikuja kuchukua mbuzi wake. Aliwahesabu, wakatimia, akawatoa. Alipofika mlangoni mwa ua akasimama, akamuuliza kwa sauti ya chini kama amebakiwa na chochote, hata kipande, si cha kazi, ni chake yeye tu asikie. Naetwe alimwonyesha viganja vyake vilivyochanika, vitupu.

Ukuta wa ndiva ulijengwa kwa pembe na faini. Ulikwisha kabla ya masika, ukashika maji, watu wakala. Si jambo la kudharau, na anayelidharau hajawahi kulala njaa. Lakini katika wote waliofanya kazi ile hakuna aliyeweza kuwasimulia wajukuu siku hata moja ya kazi hiyo.

Naetwe akabaki na nyumba isiyo na sauti. Majirani walipotaka kumbadilishia mafiga yaliyochakaa, alikataza lile lenye ufa lisiguswe. Jioni nyenje aliimba huko nje, ng'ambo ya ua, Naetwe akatoka, nyenje akanyamaza. Miaka ikapita hivyo. Taratibu akajifunza kukaa kizingitini asiinuke. Kukaa alijifunza, kutongoja kulimshinda.

Mpaka jioni moja, nywele zikiwa zimeshakuwa nyeupe, alikuwa anamenya kunde huku anamkumbuka marehemu mumewe, jinsi alivyokuwa akikohoa kidogo kabla ya kuingia ili asimshtue. Alikuwa hangoji chochote. Mikono ikasimama hewani. Mstari ukaja, mmoja, mzima, mtamu kuliko yote aliyowahi kupewa. Wa pili ulikuwa unafuata, ulikuwa palepale, aliusikia ukivuta pumzi. Naetwe akainama mbele. Hakuinuka, aliinama tu.

Nyenje akanyamaza.

Naetwe alikufa na mstari ule mmoja, akiwa ameshawafundisha majirani. Ndio unaoimbwa kwenye msaragambo mpaka leo. Mmoja huuanzisha, wengine huurudia, na kuurudia tena, mpaka kazi inakwisha, kama watu wanaoshikilia mlango wazi kwa ajili ya mgeni aliyesema yuko njiani.

Na tangu siku ile ya kibuyu nyenje hakai na mtu. Huimba gizani, mahali ambapo unadhani ukinyoosha mkono utamgusa. Ukinyoosha, hakuna sauti. Watu husema anaogopa. Haogopi. Mtu anayedai deni haogopi. Pembe tumempulizia, mbuzi tumemwonyesha, kibuyuni tumemtia, na alichokuwa anatudai hatujampa bado.

Kimya chake. Mpeni.