Mpishi Aliyekataa Kukaanga

Wapendwa, leo nitahubiri habari za jikoni. Anayetaka kununa anune mapema, maana nikishaanza sirudi nyuma.

Katika usharika mmoja, si huu, acheni kutazamana, palikuwa na mama mpishi. Tumwite Mama Atupele. Ndoa, kipaimara, mavuno, misiba, yeye ndiye aliyesimama mbele ya mafiga. Na kuku wake alijulikana. Alimzamisha kwenye karai la mafuta mpaka ngozi inalia ukiitafuna, na chumvi ya kukufanya uombe maji mara mbili. Wazee wa kanisa wakisikia harufu ile, kikao kilifungwa hata kama ajenda hazijaisha.

Basi ikatangazwa kwamba mgeni mkubwa kutoka dayosisi anakuja kuweka wakfu jengo jipya. Mwenyekiti wa wazee, mtu mzito wa mwili na mzito wa kauli, akaingia jikoni asubuhi kukagua. Akakuta nini? Karai limeegeshwa ukutani, kavu. Mezani kuna vidari vya kuku vilivyovuliwa ngozi, vimepasuliwa vipande vyembamba, vimelala kwenye mtindi, ndimu, tangawizi na kitunguu saumu. Vingine vimefungwa kwenye majani ya mgomba, vinangoja mvuke.

"Mama, ndiyo nini hii? Mafuta yako wapi?"

"Yapo dukani, Mzee. Leo sikaangi."

"Unataka kutuaibisha? Mgeni atasema tumempa chakula cha wodini!"

Mama Atupele akafuta mikono, akamgeukia.

"Mzee, tangu Pasaka nimepika misiba mitatu ya wazee wa kanisa hili. Wote watatu walikuwa na presha, na daktari alikuwa amewakataza mafuta na chumvi. Mimi nilijua. Wake zao waliniambia. Nikawapakulia vilevile, kwa sababu walikuwa wakinisifu. Kilichowaua sikijui, mimi si daktari. Ila nilichowawekea sahanini nakijua. Msiba wa nne sipiki."

Mzee akanguruma: "Utakaanga, ama leo ndio mwisho wako jikoni humu!"

"Basi na uwe mwisho, Mzee. Lakini chakula cha leo kitatoka kama nilivyokipanga."

Na kikatoka. Mnadhani mgeni alisimama akampongeza? Thubutu! Mgeni alikula kwa adabu, akashukuru, akaondoka zake. Mwenyekiti aliisukuma sahani yake pembeni mbele ya watu wote, akakunja mikono. Wazee wengine walipomwona, na wao wakasukuma za kwao. Mmoja akauliza kwa sauti, "Jamani, kwani tumelazwa?" Watu wakaangua kicheko. Mama Atupele alikuwa mlangoni na jagi la maji. Alisikia kila neno.

Jumatatu akaambiwa apumzike. Akavua aproni, akaikunja, akaiweka mezani. Akaenda nyumbani akalia. Nisiwadanganye, alilia sana, maana jiko lile alilipenda. Lakini hakurudi kuomba radhi. Kwa kosa gani?

Haikupita miezi miwili, mwenyekiti akaanguka bafuni. Kiharusi. Alitoka hospitali mkono wa kushoto hauna nguvu, na karatasi ya daktari mfukoni: kuku bila ngozi, asikaangwe, chumvi kidogo, mboga kwa wingi. Mkewe akajaribu. Alichemsha kidari saa nzima kikawa kama ubao. Mzee akakitema. Siku ya tatu yule mke akaenda kubisha hodi kwa Mama Atupele.

"Dada yangu, njoo utupikie. Mzee hali kitu. Ananiishia mikononi."

Ninyi mngejibu nini? Ninyi mnaokumbuka kejeli ya mwaka juzi, na siku mliyotupiwa, na nguo aliyovaa aliyewatupia, mngejibu nini?

"Nitakuja," akasema. "Lakini sipiki. Atapika mwenyewe."

Akaenda. Akamketisha mzee kwenye kigoda mbele ya jiko, mwanamume ambaye tangu aoe hakuwahi kushika mwiko.

"Kipasue kiwe chembamba, Mzee, kiive upesi. Mkono mmoja unatosha, mama hapa atakushikia. Haya, ndimu. Tangawizi. Kitunguu saumu. Chumvi basi! Hicho kidole kirudishe."

Kikaango kikapata moto, kikapakwa mafuta kijiko kimoja tu.

"Dakika nne upande huu, dakika nne upande huu. Kata katikati uangalie. Hakuna wekundu? Epua. Usikitese. Kidari kinakauka kwa kuteswa. Sasa kifunike, kipumzike kidogo."

Mzee akatafuna. Akatafuna tena. Kisha akafoka, kama mtu aliyeibiwa:

"Mbona kitamu hivi? Kwa nini siku ile ya mgeni hukutupikia hivi?"

"Nilipika hivi hivi, Mzee. Hukuonja."

Hakuonja! Mnasikia, wapendwa? Alimdhalilisha mwanamke, akamtoa kwenye huduma yake, kwa ajili ya chakula ambacho hakikufika ulimini mwake. Na wale wengine waliosukuma sahani? Nao hawakuonja. Walimtazama mkubwa wao kafanyaje.

Sasa tuje kwetu. Hapa mbele tunapiga magoti kuwaombea wenye presha na wenye sukari. Tukitoka nje tunawashindilia sahani. "Kula bwana, kidogo tu, kitakufanya nini?" Tunauita upendo! Anayemkatalia mgonjwa tunamwita mchoyo. Tukishamzika tunasema ni mapenzi ya Mungu. Tuache kumsingizia Mungu kazi ya mikono yetu!

Wewe mama uliyebadilisha upishi nyumbani na ukweni wakakucheka, usirudi nyuma. Wewe baba unayeitwa dhaifu kwa sababu umekataa ngozi ya kuku mbele ya wenzako, kataa tena kesho. Kutii lililo jema wakati meza nzima inacheka ni imani pia, na inahitaji mgongo mgumu kuliko kupiga makofi kanisani.

Leo baada ya ibada tunakula pamoja. Kuku wamechomwa, hawakukaangwa. Nimewaagiza mimi akina mama wa jikoni, na asiwaguse mtu kwa neno. Lawama zote mniletee mimi, nitakuwa nimekaa pale pale mezani. Ila sitamsikiliza mtu ambaye sahani yake bado imejaa.

Simameni tuombe.